Wilbur Wright, mtoto wa askofu aliyetafuta usawa wa mabawa na mkia

Karibu kila mwanafunzi amesikia kwamba ndege ya kwanza yenye injini ilirushwa na ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright. Jambo lisilosemwa mara nyingi darasani ni kwamba hao walikuwa watoto wa askofu wa kanisa la Kiprotestanti. Walikulia katika nyumba ya mchungaji, nyumba yenye vitabu vingi kuliko pesa, na walipita katika mgawanyiko wa kanisa unaofanana sana na mingine tunayoijua hapa Kivu. Leo nataka kuwasimulia wapendwa wasomaji maisha ya mkubwa wao, Wilbur. Nawafikiria hasa vijana wa huku Mushaki, Matanda na Karuba ambao vita imewatoa shuleni na sasa wanakaa nyumbani bila kujua kesho. Wilbur naye alikaa nyumbani miaka mingi, na watu wa mtaa walidhani habari yake imekwisha.

Alizaliwa tarehe 16 Aprili 1867 karibu na kijiji cha Millville, jimbo la Indiana. Baba yake, Milton Wright, alikuwa mtumishi wa kanisa lililoitwa Ndugu Waliounganika katika Kristo, na mwaka 1877 alichaguliwa kuwa askofu. Kazi hiyo ilimtembeza sana, na jamaa yake ilihama mara nyingi. Mama yake, Susan, ndiye aliyekuwa na mikono ya fundi. Kitu kikivunjika nyumbani, watoto walimpelekea mama, si baba. Mwaka 1878 askofu alirudi safarini na zawadi: kidude cha karatasi, mwanzi na kizibo, chenye mpira uliosokotwa. Ukiuachilia mpira, mapanga madogo yanazunguka na kidude kinapaa mpaka darini. Aliyekibuni alikuwa Mfaransa Alphonse Pénaud, mtu ambaye alikuwa amekwisha kueleza jinsi mkia mdogo wa nyuma unavyoweza kuituliza ndege angani. Watoto hawakujua hayo. Walicheza nacho mpaka kikaharibika, kisha wakatengeneza vingine.

Wilbur alimaliza masomo ya sekondari lakini hakupata diploma, kwa sababu mwaka 1884 jamaa ilihamia Dayton, Ohio, kabla ya sherehe. Alitazamiwa kwenda chuo kikuu. Halafu, katika majira ya baridi ya 1885 kuingia 1886, akicheza mpira wa magongo juu ya barafu, alipigwa gongo usoni na kupoteza meno ya mbele. Kidonda kilipona, lakini moyo wake ukaanza kwenda mbio, naye akajifungia nyumbani. Habari za chuo zikaisha. Kwa muda wa miaka 3 hivi hakuwa na kazi ya kuonekana. Alimtunza mama yake, aliyekuwa na kifua kikuu, akimbeba kila siku kumshusha na kumpandisha ngazi za nyumba, na saa zilizobaki alisoma vitabu vya baba yake kimoja baada ya kingine. Mama alifariki tarehe 4 Julai 1889.

Mwaka huohuo kanisa la baba yake lilipasuka. Ubishi ulikuwa juu ya katiba mpya, na hasa juu ya swali kama mwanachama wa vyama vya siri anaweza kupokelewa kanisani. Wengi walikubali katiba mpya. Milton Wright peke yake kati ya maaskofu alikataa, akatoka pamoja na wachache walioshika katiba ya zamani. Yaliyofuata tunayafahamu vizuri: viwanja, majengo, funguo, na kesi mahakamani mwaka baada ya mwaka. Upande wa wengi, baada ya kuungana na wengine, uliingia mwaka 1968 katika kanisa ambalo ndugu zetu wa Kindu na Uvira wanaliita Methodiste Unie. Upande wa askofu Wright ulibaki mdogo, na upo hata leo.

Wilbur aliandika maandishi ya kumtetea baba yake. Na mwaka 1902 akaombwa kazi ngumu zaidi. Ndani ya kundi lile dogo lililobaki, msimamizi wa nyumba ya uchapishaji ya kanisa alishukiwa kutumia vibaya fedha za kazi. Kamati ilitaka kunyamaza ili amani idumu. Askofu hakunyamaza. Wilbur alikaa na vitabu vya hesabu, akavipitia mstari kwa mstari, akaona mapungufu, akayaandika wazi. Malipo yake? Baba yake alishtakiwa mbele ya mkutano wa kanisa na kutakiwa kunyamazishwa. Ni mwaka 1905 tu ndipo mkutano mkuu uliposema kwamba askofu alikuwa na haki. Ninalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa sababu mtu yule aliyekagua vitabu vya kanisa kwa uvumilivu ndiye aliyekagua vitabu vya wataalamu wa upepo, na kwa tabia ileile.

Kwa kuishi, ndugu hawa walianza na mashine ya kuchapa, kisha wakafungua duka la baiskeli huko Dayton. Mwaka 1896 habari ilifika kwamba Mjerumani Otto Lilienthal, aliyekuwa ameruka mara nyingi kwa mabawa yasiyo na injini, ameanguka na kufa. Lilienthal aliongoza chombo chake kwa kuutupa mwili wake mbele, nyuma, kushoto au kulia. Upepo ulipomzidi nguvu, mwili haukutosha. Wilbur aliwaza sana juu ya kifo hicho. Mwaka 1899 aliandika barua kwa taasisi ya Smithsonian mjini Washington akiomba maandishi yote yaliyopo juu ya kuruka. Aliyasoma, na akafikia neno ambalo wakubwa wengi hawakuliona: mabawa yapo, injini zitapatikana, lakini kinachokosekana ni usawa. Watu walikuwa wanajaribu kujenga chombo ambacho hawajui kukiendesha.

Mwenye baiskeli anaelewa haraka. Baiskeli haisimami yenyewe. Inasimama kwa sababu anayeipanda anaisawazisha kila dakika. Huku kwetu tungesema chukudu. Kijana anayeshuka kutoka Mushaki kwenda Sake na magunia ya viazi anajua kwamba mzigo ukirudi nyuma sana, gurudumu la mbele linainuka na usukani hauna kazi tena. Ukienda mbele sana, chukudu linamtupa kwenye kona. Tena akikata kona bila kuinama, anaanguka. Wilbur aliamini kwamba ndege nayo lazima iinamie upande inapokata kona.

Lakini utainamishaje mabawa? Alitazama ndege wa porini. Yeyote aliyemtazama mwewe juu ya milima yetu, akizunguka na kutafuta vifaranga, ameona jinsi asivyopiga mabawa: anakunja kidogo ncha ya bawa moja, anafungua nyingine, mkia unageuka, naye anarudi sawa. Siku moja ya Julai 1899, dukani, Wilbur alikuwa ameshika kisanduku kirefu cha karatasi ngumu kilichokuwa na mpira wa ndani wa baiskeli. Akizungumza na mteja alikisokota bila kufikiri, upande huu juu, upande ule chini. Akaona ndani ya kisanduku hicho mabawa mawili, moja juu ya jingine, yanayoweza kusokotwa kwa kamba. Bawa linalosokotwa kupokea upepo zaidi litapanda, na lile jingine litashuka. Ndege za leo zimeacha kusokota bawa zima. Zina vipande vinavyojikunja nyuma ya ncha za mabawa, na abiria aliyekaa dirishani anaviona vikicheza. Kazi ni ileile.

Mwaka 1900 na 1901 walikwenda Kitty Hawk, pwani ya mchanga na upepo katika jimbo la North Carolina, kujaribu ndege zisizo na injini. Chombo cha 1901 kiliwahuzunisha. Kilibeba karibu theluthi moja tu ya uzito ambao hesabu za vitabu ziliahidi. Tena waliposokota mabawa, mara nyingine chombo kiligeuka upande ambao hawakuutaka. Wilbur alirudi nyumbani akidhani kwamba katika maisha yake mtu hataruka.

Baada ya siku chache alifanya kama alivyokuja kufanya baadaye na vitabu vya kanisa: alishuku hesabu zenyewe. Wakatengeneza sanduku la mbao la urefu wa karibu mita 2, lenye panka la kusukuma upepo upande mmoja, na ndani yake mizani ndogo iliyoundwa kwa waya za spoki na vipande vya msumeno wa chuma. Kati ya Oktoba na Desemba 1901 walipima humo mabawa madogo ya namna karibu 200. Namba moja ya zamani, iliyokuwa ikitumiwa na wengi kwa zaidi ya miaka 100 kukadiria nguvu ya upepo, ilikuwa kubwa kupita kiasi. Wengi hawakuipima upya. Waliinakili tu kwa wenzao.

Sanduku lile liliwafundisha pia umbo la bawa. Bawa la 1901 lilikuwa na urefu wa mita 6,7 na upana wa mita 2,1. La 1902 lilikuwa na urefu wa mita 9,8 na upana wa mita 1,5. Kitambaa kilikuwa karibu kilekile, lakini bawa refu na jembamba lilibeba vizuri zaidi. Sababu yake ni hii: hewa iliyobanwa chini ya bawa hutoroka kwenye ncha na kupanda juu kwa kuzunguka, na nguvu inayopotea hapo ndiyo inayoirudisha ndege nyuma. Bawa likiwa refu na jembamba, sehemu inayoharibiwa na ncha inakuwa ndogo. Tazama korongo, au ndege kubwa ya abiria: mabawa marefu, membamba. Anayesafiri mbali hawezi kupoteza nguvu njiani.

Mkia ulibaki. Bawa linalopokea upepo zaidi hupanda, ndiyo, lakini pia hukokota zaidi, hivyo linabaki nyuma na kuivuta pua upande usiotakiwa. Ndiyo sababu ya maajabu ya 1901. Mwaka 1902 waliongeza nyuma mkia wa wima usiogeuka, ili uishike pua. Ulisaidia mara nyingi. Lakini mara kwa mara chombo kikiteleza upande, upepo uliugonga mkia ule kwa ubavu na kufanya hali kuwa mbaya zaidi: bawa la chini lilizidi kushuka, chombo kikazunguka na kuchimba mchanga. Wao wenyewe walikuwa wanacheka kwamba wamekuwa wachimba visima.

Jibu lilitoka kwa mdogo. Usiku mmoja wa Oktoba, Orville alikunywa kahawa nyingi akakosa usingizi, na asubuhi akasema mkia lazima ugeuke. Alitazamia kaka yake apinge, kwa maana kaka huyo alikuwa na desturi ya kupinga kwanza. Wilbur alinyamaza kidogo, akakubali, kisha akaongeza: kamba ya mkia ifungwe pamoja na kamba za mabawa, ili mwendo mmoja wa mwendeshaji ufanye kazi zote mbili. Kwa mawazo yangu, asubuhi ile ndiyo kiini cha habari yote, kuliko hata siku maarufu ya mwaka uliofuata. Katika wiki zile za Septemba na Oktoba 1902 waliteleza angani mara mia kadhaa, na chombo kiliwatii.

Injini ilikuja baadaye. Fundi wao wa dukani, Charlie Taylor, aliunda moja yenye nguvu ya farasi 12. Tarehe 17 Desemba 1903 waliruka mara nne. Ya kwanza, Orville akiwa juu, ilidumu sekunde 12 na kwenda mita 36. Ya nne, ya Wilbur, sekunde 59 na mita 260. Kazi yote ilikuwa imewagharimu chini ya dola 1000. Profesa Langley wa Smithsonian alikuwa amepewa na jeshi dola 50 000, na chombo chake kilikuwa kimetumbukia mtoni siku 9 kabla.

Lakini ndege ile ya 1903 haikuwa na usawa mzuri, na wanaosimulia kwa haraka huliruka jambo hili. Bawa dogo la kupandisha na kushusha pua waliliweka mbele, si nyuma. Wilbur alikuwa na sababu: aliogopa kifo cha Lilienthal, na bawa la mbele lilizuia pua isichome chini ghafla. Kwa upande mwingine, uzito ulikaa nyuma mno, na chombo kilipanda na kushuka kama mtumbwi kwenye mawimbi. Mwaka 1904 walifunga vyuma vya kama kilo 30 mbele ili kuituliza. Mwaka 1905 walilifanya bawa la mbele kuwa kubwa zaidi na kulisogeza mbali zaidi. Tarehe 5 Oktoba 1905 Wilbur alizunguka juu ya shamba la Huffman, karibu na Dayton, kwa dakika 39, akienda karibu kilomita 39. Mwaka 1910 wakahamishia bawa hilo nyuma, kwenye mkia, mahali Pénaud alipokuwa ameliweka tangu zamani. Wenzao wa Ufaransa walikuwa wamewatangulia hapo.

Kwa nini nyuma? Katika ndege nyingi za leo uzito hukaa mbele kidogo ya mahali mabawa yanapobeba, na mkia unasukuma chini kidogo ili kusawazisha. Pua ikishuka, mwendo unaongezeka, mkia unasukuma zaidi, pua inainuka yenyewe. Lakini mzigo ukirudi nyuma kupita kiasi, mkia hauna nguvu tena ya kuisaidia ndege. Ndiyo maana marubani wa ndege ndogo za misioni wanapima mizigo, na hata abiria wenyewe, kwenye mizani, na kumwonyesha kila mtu kiti chake. Mama akiambiwa ahame kiti asikasirike. Tarehe 25 Agosti 2010 ndege ndogo ilianguka Bandundu na watu 20 wakafa. Mtu mmoja aliyepona aliripotiwa kusema kwamba mamba aliyefichwa ndani ya mfuko alitoka, na abiria wakakimbilia mbele wote pamoja. Na sisi tunaokumbuka ndege zilizotua kwenye barabara ya lami ya Kilambo, upande wa Walikale, kubeba mawe ya madini, tunajua kwamba mizani haikupendwa kila mahali.

Dunia iliamini mwaka 1908. Jumamosi tarehe 8 Agosti, karibu na Le Mans, Ufaransa, Wilbur aliruka chini ya dakika 2, akainama na kukata kona mbele ya watu waliokuja kumcheka. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Watu walitamani kuona zaidi, lakini hakuruka. Alirudi angani Jumatatu. Ukubwani ndugu hawa hawakuwa watu wa kanisa sana, na sitaki kumfanya Wilbur mtakatifu. Lakini hawakurusha ndege Jumapili, kwa heshima ya baba yao, hata fedha na wakubwa walipowasubiri.

Septemba mwaka huo, huko Fort Myer, panga la ndege ya Orville lilipasuka na kugonga waya wa mkia. Ndege ilianguka. Orville aliumia vibaya, na afisa aliyembeba, Thomas Selfridge, akafa. Dada yao Katharine aliacha kazi yake ya ualimu akaenda kumuuguza. Tarehe 25 Mei 1910, siku pekee ambayo ndugu wawili walikubali kuruka pamoja, Orville alimpandisha pia baba yao, mwenye umri wa miaka 81. Askofu alimwomba mwanawe apande juu zaidi.

Miaka ya mwisho ya Wilbur inanisikitisha. Alikuwa na hati ya serikali ya mwaka 1906 inayolinda uvumbuzi wao, na aliitumia kuwashtaki waliouiga, Glenn Curtiss kati yao. Haki alikuwa nayo, nadhani. Lakini mtu aliyejua kuuliza upepo maswali alimaliza siku zake akijibu maswali ya mawakili, kama baba yake alivyofanya kwa ajili ya majengo ya kanisa, na wakati huo wengine walisonga mbele kwa mabawa na mikia iliyo bora. Mwanzoni mwa Mei 1912 alipata homa ya tifoide, ugonjwa ule unaotuulia watu mpaka sasa kwa sababu ya maji mabaya. Alifariki nyumbani tarehe 30 Mei, akiwa na miaka 45. Hakuoa wala hakuacha mtoto.

Mwaka 1909 karakana ya ndugu Short, Uingereza, ilikuwa imepewa kibali cha kutengeneza ndege 6 za Wright, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake kubwa ya kwanza ya ndege. Mwaka 1916 Wabelgiji walileta ndege 4 za majini za karakana hiyohiyo mpaka ziwa Tanganyika, wakazivusha kwenda kutupa mabomu kwenye bandari ya Kigoma. Hivyo ndivyo watu wengi wa mashariki mwa Kongo walivyoona mabawa na mkia vya mwanadamu kwa mara ya kwanza. Askofu Milton Wright alikuwa bado hai, Dayton, mwenye miaka 87. Alifariki mwaka uliofuata.